Seli Isiyo na Mdomo Humezaje?

Asante, mwenyekiti. Muda ni mfupi, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja. Seli za kinga zinazonishughulisha, hasa makrofaji, hazina mdomo, hazina meno wala macho. Hata hivyo zinameza bakteria, seli zilizokufa, vumbi, hata shanga za plastiki tukizipa maabarani. Zinajuaje kwamba hiki kimezwe na kile kiachwe? Na zikishaanza kumeza, zinajuaje pa kuishia? Swali hili la pili ndilo linalonikosesha usingizi.

Historia kidogo tu. Mwaka 1882, mjini Messina huko Sicily, Élie Metchnikoff alichoma miiba kwenye vitoto vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao inaonekana hadi ndani. Kulipokucha akakuta seli zinazotembea zimeizingira miiba ile. Akadai kwamba hapo ndipo ulinzi wa mwili unapoanzia. Wapinzani wake walishikilia kuwa ulinzi umo ndani ya majimaji ya damu, si katika seli. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel alipewa yeye pamoja na Paul Ehrlich, aliyekuwa wa kambi ya majimaji. Mimi naona ule ulikuwa uamuzi wa busara sana, maana kambi zote mbili zilikuwa na haki.

Picha inayofuata, tafadhali. Hapa ndipo kambi hizo zinapokutana: juu ya bakteria. Kingamwili zilizomo kwenye damu humnata bakteria kwa upande mmoja na kuacha mikia yao ikielekea nje. Makrofaji nayo ina vipokezi vinavyoitambua mikia hiyo. Kipokezi kikishika mkia, vimeng'enya vilivyo chini yake huamka, na protini iitwayo aktini huanza kujiunga kuwa nyuzi zinazousukuma utando wa seli mbele. Utando ukisogea unakuta mkia mwingine, unaushika, unasukumwa tena. Hivyo hivyo hadi kingo zikutane upande wa pili na kuungana. Tunauita mfano wa zipu, kwa sababu kila jino linamtegemea jirani yake.

Lakini mfano si ushahidi. Huenda mguso wa kwanza tu unatosha, kisha seli inamalizia yenyewe. Jaribio lililoamua jambo hili lilifanywa katikati ya miaka ya 1970 na Frank Griffin, Samuel Silverstein na wenzao, nami kila mwaka nawasomesha wanafunzi wangu. Walichukua limfosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, zilizofunikwa na kingamwili pande zote, wakazipa makrofaji: zikamezwa. Kisha wakatumia limfosaiti ambazo kingamwili zote zimekusanyika ncha moja tu. Makrofaji zikazishika ncha ile zikaganda hapo hapo. Kumeza hakukukamilika. Maana yake ni kwamba seli haiamui mara moja. Inaamua upya kila inaposogea, na sehemu isiyo na cha kushika haivukwi. Kiini hakihusiki na uamuzi huo wa papo hapo. Nyutrofili, seli nyeupe nyingine zinazomeza, zikiondolewa kiini zinaendelea kumeza bakteria bila shida.

Sasa tuje kwenye yanayonivutia zaidi, kwa sababu kingamwili peke yake haielezi kila kitu. Mwaka 2002 Karen Beningo na Yu-li Wang walitengeneza shanga laini na shanga ngumu, zote zikiwa na kingamwili. Makrofaji zilipendelea zile ngumu waziwazi. Kwa hiyo seli haisomi kemia tu, inapima pia ugumu wa kitu kwa kukisukuma na kukivuta. Miaka minne baadaye Julie Champion na Samir Mitragotri wakachunguza umbo. Punje ndefu kama yai, makrofaji ikiigusa kwenye ncha, humezwa. Punje ile ile ikiguswa ubavuni, seli inatandaa juu yake bila kuimeza. Kitu ni kile kile, ukubwa ule ule. Kilichobadilika ni pembe ya mguso tu. Nilipoyasoma matokeo hayo nilidhani kuna kasoro ya upimaji. Hapana. Kwenye ubavu uliotandazika, aktini inalazimika kusukuma eneo pana mno kwa wakati mmoja, na kikombe cha kumezea, yaani utando unaoinuka kukizunguka kitu, hakijengeki.

Ukubwa nao una kanuni zake. Ukizuia kimeng'enya kiitwacho PI3-kinesi, makrofaji bado inameza shanga ndogo, lakini shanga kubwa inakwama nusu njia: utando umepanda hadi katikati ukasimama. Kuanza na kumaliza, kwa hiyo, ni kazi mbili zenye mitambo tofauti. Kundi letu linafanyia kazi hiyo ya pili, tukitazama kwa hadubini jinsi aktini inavyovunjwa chini ya kikombe huku ikiendelea kujengwa ukingoni. Isipovunjwa pale chini, njia haifunguki.

Kuna vitu visivyomalizika kabisa. Nyuzi ndefu za asbesto zinaizidi seli urefu. Makrofaji inaanza kumeza, inashindwa kufunga, na wakati huo inamwaga kemikali zake kali nje, kwenye tishu za pafu. Mwendo huo ni sehemu ya sababu za madhara ya asbesto.

Yanayofuata baada ya kumeza nitayapitia haraka, ingawa wenzangu wa vijidudu watanilaumu. Kifuko chenye bakteria, fagosomu, kinaongezwa asidi na kuungana na lisosomu, vifuko vingine vya seli vyenye vimeng'enya vya kusaga. Bakteria wa kifua kikuu anazuia muungano huo na kuishi ndani ya seli iliyokuja kumuua. Bakteria mwingine, Listeria, hangoji, anatoboa kifuko na kutokea kwenye saitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli.

Nimalizie na upande wa kutokumeza. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, na kila sekunde makrofaji za wengu na ini huondoa takriban milioni mbili zilizozeeka. Zile changa zinapita salama kwa sababu, pamoja na mambo mengine, zina protini CD47 inayoshika kipokezi cha makrofaji na kuzima msukumo wa aktini. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba seli nyekundu za panya zisizo na CD47, zikitiwa kwa panya wa kawaida, huondolewa upesi. Saratani nyingi zimejifunza hila hiyo na kujijaza CD47. Ndipo zikaja dawa za kuifunika CD47 ili makrofaji ziimeze saratani. Wazo zuri, ila seli nyekundu nazo zikafunikwa, na wagonjwa wakapata upungufu wa damu. Ndiyo maana baadhi ya watafiti sasa wanatengeneza kingamwili zenye mikono miwili tofauti: mmoja unaishika CD47 kwa udhaifu, mwingine unaishika alama ya saratani kwa nguvu, ili seli nyekundu isiyo na alama hiyo iachwe ipite. Maswali, karibuni.