Namna Prosesa ya Simu Inavyobana Chaji

Mwenyekiti, walimu wangu na wanafunzi mliofika hapa Kisumu mchana huu wa joto, asanteni kwa kunipokea.

Asubuhi nilipita Dunga, nikamkuta mama muuza samaki mwenye simu mbili: mulika mwizi aliyoifunga kwenye pindo la leso, ambayo huichaji mara moja kwa wiki, na simu ya kioo ambayo hulala kibandani kwa mwenye soketi kila siku. Aliniuliza hiyo ya pili inakula nini. Kioo na mtandao vinakula sana, nilimjibu. Leo, hata hivyo, nitamshughulikia mlaji wa tatu, prosesa, yaani chipu iliyo ubongo wa simu.

Ndani yake mna mabilioni ya transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, na kila moja inapogeuka, chaji kidogo hujazwa kisha ikamwagwa. Nguvu inayotumika huongezeka sawasawa na idadi ya mapigo kwa sekunde, yaani hatua za kazi ambazo prosesa hupiga, ila kwa volteji huongezeka kwa kipeo cha pili, na hapo ndipo penye utamu. Ukipunguza mapigo peke yake, kazi hukawia tu na nishati ya kugeuza transista hizo haipungui. Ukiteremsha pia volteji kutoka 1 hadi 0.8, kazi ileile humalizwa kwa asilimia 64 ya nishati hiyo. Kwa hiyo simu hushusha vyote viwili pamoja kila kazi inapopungua.

Mwaka 1985, mjini Cambridge, Uingereza, wahandisi wa kampuni ya kompyuta ya Acorn waliijaribu prosesa ya kwanza ya muundo wao ulioitwa ARM, na ampimita, kipimo cha mkondo wa umeme, ikasoma sifuri. Kumbe waya wa umeme haukuwa umeunganishwa: prosesa ilikuwa ikijiendesha kwa umeme uliopenya kupitia nyaya za mawasiliano. Nao hawakuwa wakifikiria betri. Walitaka tu ipoe kiasi cha kutosha kuwekwa ndani ya ganda la plastiki, ambalo ni rahisi kuliko la kauri.

Mwaka 2011 ARM, ambayo sasa ilikuwa kampuni, ilitangaza mpango wa kuweka viini, yaani sehemu zinazofanya kazi ndani ya prosesa, vikubwa na vidogo katika prosesa moja, kwani hakuna awashaye trekta la miwa kwenda kununua kibiriti. Kiini kisicho na kazi hukatiwa umeme kabisa, maana transista ndogo huvujisha umeme hata zikitulia.

Sasa nyinyi mnaoandika programu: mkiagiza simu iulize mahali ilipo kila sekunde, kiini hicho hakipati usingizi. Fungueni sehemu ya matumizi ya betri kwenye simu zenu, mniambie programu gani iko juu; tutaanza maswali na hiyo.