Simbu hana mtani wa jadi

Ahsanteni, kaeni jamani. Mnaonijua mshajua leo ntaongea nini, ila ntarudia tu kwasababu hili jambo, kwamba riadha inatuunganisha kuliko mpira, bado halijatuingia vichwani.

Kila tukisema michezo na umoja wa taifa watu wanakimbilia mpira. Sawa, Machi 24, 2019 Taifa Stars kampiga Uganda 3-0 tukarudi AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, baada ya miaka 39, nchi nzima ililipuka, sikatai. Ila siku zingine je? 2023 Yanga wako fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria, 2025 Simba wako fainali hiyohiyo na Berkane ya Morocco, na mara zote mbili kuna Watanzania wenzetu walikuwa wanamuombea mgeni, alafu mgeni alipobeba kombe wakashangilia kabisa. Najua kuna mtu hapo anasema aah mzee huo ni utani wa jadi tu, unanogesha ligi. Unanogesha kweli, na mimi naupenda, ila usiniambie huo ndo unatuweka pamoja.

Sasa njooni kwa mkimbiaji wetu Alphonce Simbu. Septemba 15, 2025, Tokyo, marathoni ya mashindano ya dunia. Kule asubuhi, huku kwetu usiku wa manane tumelala. Kilomita 42 zote zimekwisha, wameingia uwanjani, Mjerumani Amanal Petros yuko mbele na mita zimebaki chache, na ukiangalia ile video unaona kabisa Petros anajua dhahabu ni yake, na Simbu nyuma hajakata tamaa, anamfuata, anamfuata, kwenye utepe wanafika pamoja, Petros anaanguka chini, na hakuna anayejua nani kashinda! Mpaka ikaangaliwa picha. Wote wamepewa 2:09:48, tofauti ni sekunde 0.03. Jamani, fainali ya mita 100 wanaume siku moja kabla, Oblique Seville alimwacha Kishane Thompson kwa sekunde 0.05, yaani hawa wamekimbia zaidi ya masaa mawili na wakaachana kidogo kuliko wale wa sekunde tisa. Na hiyo ndo dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha, toka yaanze 1983.

Tulipoamka asubuhi, nani alinuna? Niambieni, nani? Mtu wa Msimbazi, yaani Simba, na mtu wa Jangwani, yaani Yanga, walitumiana video ileile, na walichokuwa wanakiangalia ni jezi ya nchi. Hapakuwa na upande wa kushindwa. Ndo maana kila siku nasema riadha inatupa kitu ambacho ligi yetu haiwezi kutupa hata ikiwa na hela namna gani.

Mtu ataniambia riadha haina mashabiki. Mashabiki watatoka wapi wakati mkimbiaji tunamjua siku ya medali tu? Simbu alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, akachukua shaba mashindano ya dunia London 2017, marathoni ya Boston 2025 akawa wa pili. Miaka yote hiyo alikuwepo! Hakushuka kutoka mbinguni Tokyo. Nani kati yetu alikuwa anamfuatilia 2018, 2019? Beki wa akiba wa Simba au Yanga akiumwa goti tunajua mpaka goti lipi.

Na hii sio mara ya kwanza kusahau. Filbert Bayi, Michezo ya Jumuiya ya Madola Christchurch 1974, mita 1500, kaongoza toka mlio wa bastola mpaka mwisho, 3:32.16, rekodi ya dunia, John Walker wa New Zealand kamfukuza nyumbani kwake na hakumpata. Waulizeni wadogo zenu nyumbani Bayi ni nani. Wengi watawajibu ni shule. Medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, fedha ya Bayi na fedha ya Suleiman Nyambui, zote Moscow 1980, toka hapo hakuna.

Nilitaka niongee na kuhusu UMITASHUMTA na UMISSETA, yale mashindano ya shule za msingi na sekondari, na kina mama wanaokimbia, na viwanja vya shule vinavyogeuzwa fremu za maduka, ila naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi moja tu: Olimpiki ya Los Angeles ni 2028. Mwenye mtoto anayekimbia asimkataze, na mwenye kampuni inayodhamini mpira atenge na fungu la riadha kuanzia sasa, asisubiri medali ndo aje kupiga picha. Haya, maswali, yule dada wa nyuma aanze.