Mtoto kasoma, ila kasoma nini?

Walimu wangu, na wazazi mliojibanza huko nyuma, sogeeni jamani viti vipo. Haya. Juzi nimekaa na mtoto wa darasa la pili nikampa sentensi moja tu, "Mama alipowaambia watoto waingie ndani, mvua ilikuwa imeshaanza." Kaweka kidole, a...li...po...wa...a...mbi...a, silabi saba hizo na hakukosea hata moja! Kafika kwenye mvua anahema. Namuuliza nani kawaambia watoto waingie, ananitolea macho tu. Mama kashamwacha kule mwanzo wa sentensi.

Msiniambie mtoto hana akili. Mtazameni bibi anavyosuka ukili, vidole vinaenda vyenyewe huku mdomo unapiga soga, sasa mjukuu anayejifunza ukimsemesha tu ukili umeharibika. Ndo walichosema watafiti wawili wa usomaji, LaBerge na Samuels, kule Marekani mwaka 1974, kwamba kutambua neno kukishakuwa mazoea ndo akili inapata nafasi ya kushika maana, la sivyo nguvu yote inaishia kwenye kuunga herufi.

Na Kiswahili chetu kinatudanganya kidogo, maana kinavyoandikwa ndivyo kinavyotamkwa, ukishaijua ba be bi bo bu unatamka hata neno usilolijua na sisi tunapiga makofi, kumbe mtoto katoka kapa. Halafu maneno yetu marefu, hilo "alipowaambia" Mwingereza angeandika maneno manne, kwa hiyo ile hesabu yao ya mtoto asome maneno mangapi kwa dakika msiichukue ilivyo mkapimia watoto wa hapa.

Tena na stopwochi zenu muwe nazo makini, mbio sio kusoma. Andika ubaoni "Fundi amejenga barabara." Ukitamka baraBAra, kajenga njia ya magari, ukitamka baRAbara, basi kajenga sawasawa. Kwenye maandishi ni kitu kilekile, anayekimbia bila kuelewa atajuaje mkazo auweke wapi?

Dawa yake wala haina gharama. Samuels huyohuyo mwaka 1979 aliandika kuhusu kurudia, kifungu kifupi kilekile kinasomwa tena na tena mpaka kiteleze, ndo mnahamia kingine. Mtoto wangu wa juzi nikamrudisha, mara ya pili, ya tatu (kashaanza kununa), ya nne ikateleza yote kwa pumzi moja. Katulia kidogo, halafu kacheka, "Kumbe washalowa!"