Jiwe Huvunjwa na Wimbi, Hutolewa na Mkojo

Ndugu wasikilizaji,

Chupa hii ndogo niliyoishika ina punje za rangi ya kahawia. Nyingi ni laini kama mchanga wa ufukweni, na chache zinakaribia ukubwa wa punje ya mtama. Zote kwa pamoja zilikuwa jiwe moja la milimita 11 ndani ya figo ya kushoto ya mgonjwa wangu, ambaye ameniridhia nije nazo hapa bila kumtaja. Hakupasuliwa popote. Jiwe lilivunjwa kwa mawimbi ya mshtuko, na ningependa tuzungumze kwa makini juu ya tiba hii, kwa sababu wengi wakilisikia neno mshtuko hudhani ni umeme, na wengine hudhani ni mionzi. Mionzi ya eksirei hutumika kulitafuta jiwe tu, tena mara nyingi ultrasaundi hutosha. Kinacholivunja ni kanieneo, yaani msukumo wa ghafla unaosafiri majini na katika nyama za mwili kama kishindo cha baruti kinavyosafiri hewani na kutikisa madirisha.

Asili yake iko Ujerumani, kwenye kampuni ya ndege ya Dornier, ambayo wahandisi wake walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu ndege zinazoruka kwa kasi kuliko sauti. Kutokana na uchunguzi huo, wao na madaktari wa Munich walianza kujiuliza kama mawimbi ya namna hiyo yangeweza kuvunja jiwe bila kuudhuru mwili uliolizunguka. Tarehe 7 Februari 1980, Dakta Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza, akiwa amezamishwa katika beseni kubwa la maji. Kabla ya hapo, jiwe kubwa la figo kwa kawaida lilimaanisha kupasuliwa ubavuni na kuuguza kidonda kwa wiki kadhaa.

Maji yale yalikuwa na kazi maalumu. Wimbi hupita kwa urahisi kutoka majini kuingia mwilini, kwa kuwa nyama zetu zinakaribiana na maji kwa tabia, lakini likikutana na hewa hukwama. Siku hizi beseni limeachwa. Badala yake mashine ina mto uliojaa maji, nao hupakwa jeli na kugandamizwa kwenye ngozi. Ndiyo maana mtaalamu aliye mwangalifu huipaka jeli ile taratibu asiache viputo vya hewa, kwani viputo vichache tu hupunguza nguvu inayolifikia jiwe. Mashine huyaelekeza mawimbi yote yakutane mahali pamoja. Wimbi likiingia katika jiwe hulibana, na likigonga ukuta wa upande wa pili hurudi likiwa nguvu ya kuvuta. Na jiwe, ambalo huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa, hupasuka kutoka ndani.

Hupigwa mapigo 2,000 hadi 3,000 kwa takriban saa moja, tukianza na nguvu ndogo na kuipandisha polepole ili figo isiumie. Wagonjwa hutuomba tuharakishe. Ninawaelewa, lakini mapigo 60 kwa dakika huvunja vizuri kuliko 120, kwa kuwa pigo linalofuata upesi mno hukuta viputo vidogo vilivyozushwa na pigo lililotangulia bado havijatoweka.

Sasa nifike penye uzito. Mashine hailitoi jiwe. Hulivunja tu, na kazi ya kulitoa hubaki kwa mkojo. Kwa hiyo swali la kwanza ni iwapo njia iko wazi. Jiwe linalozidi milimita 20, au lililotuama sehemu ya chini ya figo na kuzidi milimita 10, mara nyingi huhitaji njia nyingine, na mawe ya sistini, yaani yanayotokana na kijenzi kimoja cha protini, ni magumu kupindukia. Mjamzito hatibiwi hivi, wala mwenye damu isiyoganda vizuri, wala mwenye maambukizi ya mkojo ambayo hayajatibiwa. Kwetu Unguja, Pemba na pwani ya bara kuna jambo la ziada: kichocho cha zamani huweza kuacha kovu linaloufinya mrija unaotoka kwenye figo kwenda kibofuni. Ukilivunja jiwe juu ya mrija uliofinyika, umetengeneza kokoto zisizo na pa kupitia. Aliyewahi kukojoa damu utotoni naomba amweleze daktari hata asipoulizwa.

Hata njia ikiwa nzima, vipande huweza kupangana mrijani na kuuziba. Wajerumani huiita hali hiyo barabara ya mawe. Mkojo wenye wekundu kidogo kwa siku moja au mbili si wa kuogopesha. Homa yenye kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavu ni dharura, na mgonjwa apelekwe hospitali saa ileile, hata usiku wa manane.

Mwenye punje hizi alikunywa maji mengi kama tulivyomwagiza, na kila alipokwenda haja ndogo alitumia kopo lililofungwa kitambaa cha melimeli mdomoni. Siku ya kwanza alipata vumbi tu. Siku ya tatu, baada ya maumivu ya usiku kucha, ilitoka hii kubwa mnayoiona chini kabisa ya chupa. Maabara ilikuta ni kalsiamu oksaleti, chumvi inayounda mawe mengi ya figo.