Wanajeshi na majitu jangwani: The Hills Have Eyes 2 iliacha nini mezani

Habarini za jioni wapendwa, karibuni sana, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Leo naongelea muvi ya kutisha ya mwaka 2007, The Hills Have Eyes 2, ile ya makuruta wa jeshi wanaowindwa na majitu kwenye jangwa la New Mexico kule Marekani, na nitasema mapema ninachoamini ili tusizungushane: hii muvi ilikuwa na stori nzito sana mkononi, kwamba askari na yale majitu wote wameumizwa na serikali moja, ikaigusa kidogo halafu ikaiacha ikakimbilia damu.

Kwanza tuwekane sawa kwenye historia yake. Ya asili kabisa ni ya dairekta Wes Craven mwaka 1977, halafu 2006 Mfaransa Alexandre Aja akairudia upya, familia iko safarini inanasa jangwani, na huko kuna watu walioharibika miili kwa sababu wazee wao walikuwa wachimba migodi waliogoma kuhama serikali ilipokuja kulipua mabomu ya nyuklia. Ilipouza vizuri, mwaka mmoja tu baadaye wakatoa hii sehemu ya pili, dairekta Mjerumani anaitwa Martin Weisz, skripti ameandika Craven mwenyewe na mwanawe Jonathan. Na lile jangwa mnaloliona siyo New Mexico, wameshuti Ouarzazate, Moroko, sehemu ileile waliyotumia kwenye ile ya 2006.

Sasa angalieni mwaka wenyewe. 2007 vita ya Iraq imepamba moto, na Marekani ilikuwa inapeleka huko askari wengi wa National Guard, yaani askari wa akiba wa majimbo, watu wenye kazi zao za kawaida, wengine walijiunga ili wapate ada ya chuo. Ndio hao hao Craven amewaweka kwenye muvi. Tunakutana nao kwenye mapigano ya mtaani, Kandahar kule Afghanistan, risasi kila kona, wanakosea kila kitu, halafu unagundua kumbe ni mazoezi tu wako nyumbani Marekani na afande anawafokea kwamba mngekuwa vitani kweli mngeshakufa wote. Mimi hiyo sehemu naipenda sana, kwa sababu inakuambia hawa vijana wanatayarishwa kwa jangwa la watu wengine wakati la kwao wenyewe hawajui limezikwa nini.

Baada ya hapo wanatumwa kupeleka vifaa kwa wanasayansi waliopiga kambi sehemu inaitwa Sector 16. Wanafika, kambi iko tupu, mitambo ipo, watu hakuna. Kuna choo cha plastiki kile cha kubebwa, kuruta mmoja anaingia, na kutoka kule chini kwenye kinyesi unainuka mkono wa mtu unamshika. Ni mtu wa kambini aliyetupwa mle akiwa bado hai, vidonda vimeshaoza, wanamvuta nje na hawezi kupona tena. Watu wengi wanaiona kama sehemu ya kichefuchefu tu lakini tuliangalie vizuri, huyu alikuja kufunga mitambo kwa siri ya jeshi, na wale askari waliotumwa kwake hakuna aliyewaambia eneo hili limeshaua watu.

Tatizo likaanzia hapo. Ukimpa mhusika bunduki, redio na wenzake kumi, mtazamaji utamtishaje? Familia ya 2006 ilikuwa haina kitu ndio maana tulikaa roho juu. Waandishi walitakiwa wamnyang'anye askari nguvu zake kwa akili, wao wakaona njia rahisi ni kuwafanya askari wajinga, wanaachana ovyo, wanagombana, sajenti wao anakufa kwa risasi ya kijana wake mwenyewe. Pale tu wanapoingia ndani ya migodi ndipo muvi inapata pumzi, giza, njia nyembamba, huwezi kugeuza bunduki ndefu vizuri na huwezi kupiga risasi bila kuogopa kumpata mwenzako. Na kingine lazima nikiseme bila kumung'unya, wanawake humu wamegeuzwa chombo cha kuzalia watoto wa majitu, mmoja anabakwa mbele ya kamera, na muvi haina la kusema kuhusu huyo mwanamke zaidi ya kutaka tumchukie jitu. Hiyo siyo haki kwa mhusika wala kwa mtazamaji.

Lakini kilichonifanya niiandalie mhadhara hii muvi ni mambo yaliyotokea kweli. Kuanzia 1951 mpaka 1992 Marekani ililipua majaribio 928 kwenye kiwanja kimoja tu jimbo la Nevada, na 100 kati ya hayo yalikuwa ya wazi hewani. Na askari walikuwepo! Kati ya 1951 na 1957 kulikuwa na mazoezi yaliyoitwa Desert Rock, vijana wanashushwa na malori, wanaingizwa kwenye mahandaki kilomita chache tu kutoka bomu linapolipukia, wanaambiwa inama, funika macho. Kuna waliosimulia baadaye kwamba macho yamefumbwa, mikono iko usoni, na bado waliona mifupa ya vidole vyao wenyewe kwa ule mwanga. Halafu wanatolewa wanatembezwa kuelekea palipolipuka, wakirudi wanapigwa mafagio kutoa vumbi kwenye nguo. Mafagio jamani, ya kufagilia, kwa vumbi la nyuklia. Na walikatazwa kusema, hata kwa mke, hata kwa daktari anayewatibu, mpaka sheria ya usiri ilipofutwa mwaka 1996.

New Mexico kwenyewe bomu la hewani lilikuwa moja tu, Trinity, tarehe 16 Julai 1945 alfajiri, la kwanza duniani, kwa hiyo muvi imechanganya majimbo mawili. Lakini watu walikuwepo. Wakulima na wafugaji wa bonde la Tularosa, jirani na hapo, hawakuhamishwa, hawakuambiwa, majivu yakadondoka kwenye mapaa na maji ya kunywa walikuwa wanakinga kutoka mapaa hayohayo. Hakuna aliyegeuka jitu, mionzi haifanyi kazi hivyo. Wanachosimulia wao ni saratani, kizazi kwa kizazi, ndani ya familia moja. Sheria ya fidia kwa walioumizwa na mionzi ya majaribio ilipopitishwa 1990 wao hawakuwekwa, wakapigania mpaka 2025 ndio wakaingizwa, miaka 80 baada ya bomu, na wengi waliostahili hela hiyo walishazikwa.

Hebu fikiria Craven angemkutanisha kuruta wa 2007 na mzee aliyekaa kwenye handaki la Nevada, hata kwa dakika tano tu, kuruta angejua ametumwa wapi na nani kamtuma.

Haya, projekta iko tayari, tutaangalia kuanzia yale mazoezi ya Kandahar, ile ya mwanzo kabisa ya mwanamke anajifungua nimeiruka makusudi. Mkiangalia, hesabuni ni mara ngapi askari anauliza hapa ni wapi na anajibiwa nini, tutaanzia hapo kwenye maswali.