Kuitambua na Kuihudumia Kabureta Kuukuu ya Makoo Mawili

Ndugu wasikilizaji,

Naamini kabureta nyingi kuukuu (vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kwa ajili ya injini; zenye makoo mawili zina njia mbili za hewa) zinazotupwa hazikuwa zimekufa, bali zilifungiwa vipuri vya kabureta nyingine. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye utambuzi, maana gasketi, jeti (vipuri vyenye tundu dogo la kupimia petroli) na kipimo cha floti (boya linalodhibiti kimo cha petroli bakulini) vyote vinategemea swali moja: hii iliyo mezani ni kabureta gani?

Kibati cha namba kinachobanwa na skrubu ya kifuniko husaidia sana kikiwepo, lakini skrubu hiyo imekwisha kufunguliwa na mafundi wengi, na kibati huweza kupotea au kuhamia kwenye kabureta isiyo yake. Mimi huuamini zaidi mwili wenyewe. Autolite 2100, iliyotumika sana kwenye magari ya Ford, ina namba iliyosubiwa ndani ya duara ubavuni mwa bakuli la petroli, kama vile 1.08 au 1.21, nayo ndiyo kipenyo cha venturi (sehemu nyembamba ya koo) kwa inchi. Stromberg 97, ya Ford V8 za miaka ya 1930, ina 97 ubavuni, yaani venturi ya inchi 0.97. Rochester 2G haikurahisishii kazi hivyo: inabidi upime tundu la throtoli (vilango vinavyofunguka dereva akikanyaga mafuta), kwa kuwa zipo zenye inchi 1 7/16 na zenye 1 11/16, na gasketi za kitako hazibadilishani.

Tazama pia shafti inayobeba vilango hivyo. Katika hizo tatu, vilango vyote viwili vya throtoli hufunguka pamoja. Katika Weber 32/36 DGV, koo la milimita 32 hutangulia, na lile la 36 hufuata dereva anapokanyaga zaidi.

Kabla ya kufungua chochote, injini ikiwa imezimwa na kupoa, chungulia ndani ya makoo, kisha vuta mkono wa throtoli kwa ghafla. Katika zile tatu za kwanza, michirizi miwili ya petroli, yenye nguvu sawa, inapaswa kuruka papo hapo. Ukitoka mmoja tu, kijitundu cha pampu (ile inayorusha petroli ya ziada unapokanyaga) kimeziba; ikichelewa yote miwili, kagua kwanza pampu na vali zake ndogo. Halafu tikisa shafti: ikicheza, inavuta hewa, na sailensa (mwendo wa injini isipokanyagwa mafuta) haitatulia hata ukibadilisha gasketi zote, mpaka shafti itiwe bushi (pete ya kuziba nafasi iliyolika).

Katika kusafisha, nakuombeni msipitishe waya kwenye jeti. Shaba ni laini, na tundu lililokwaruzwa halirudi kwenye kipimo chake. Dawa ya kabureta na hewa ya kompresa vinatosha. Floti ya shaba izamishwe kwenye maji ya moto, na ikitoa mapovu imetoboka. Kimo chake katika Rochester 2G hupimwa kifuniko kikiwa kimepinduliwa na gasketi ikiwa mahali pake, ilhali katika Autolite 2100 hupimwa kutoka uso wa bakuli, bila gasketi. Skrubu za kifuniko zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, kwa sababu kifuniko kilichopinda huvuja.

Mwishoni, funga skrubu za mchanganyiko (za kurekebisha petroli na hewa kwenye sailensa) taratibu mpaka ziguse, bila kuzikaza, uzirudishe mzunguko mmoja na nusu, uwashe injini mpaka ipate moto, kisha urekebishe kila skrubu kidogo kidogo huku ukitazama geji ya vakyumu (kipimo cha mvuto wa hewa wa injini), mpaka mshale ufike juu kabisa na kutulia.