Sindano 100 na Lugha Moja

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nina habari za Kifaransa kilichovuka bahari hadi Amerika Kaskazini. Nianze na kasha.

Mwaka 1663 Mfalme Louis XIV wa Ufaransa alianza kupeleka wasichana wakaolewe Quebec, Kanada ya leo, katika nchi iliyokuwa na wenyewe tayari, ila Wafaransa wakaiita Ufaransa Mpya. Walowezi walikuwa wapatao 3,000, wengi wao wanaume. Msichana alikabidhiwa kasha dogo: kitana, mkasi, uzi mweupe, sindano 100, pini 1,000. Kwa miaka kumi walivuka karibu 800. Wengi walikuwa maskini au yatima, na kundi kubwa lilitoka Paris na Normandy.

Hapa naomba tukae kidogo. Ufaransa yenyewe zama hizo haikuwa yote ikisema Kifaransa. Mbretoni alikuwa na Kibretoni chake, mtu wa kusini Kioksitani, wengine lahaja za kwao. Hata mwaka 1794 Padri Grégoire aliliambia bunge kwamba wanaokisema sawasawa ni milioni 3 tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 25. Kumbe ng'ambo ya bahari, Quebec, walikuwa wanaelewana kwa Kifaransa kimoja tangu zamani! Mimi naamini wa kushukuriwa ni wale wasichana wa kasha, waliokuja na Kifaransa chao wakawa akina mama. Mtoto hufuata lugha ya anayempikia.

Kilikuwa pia Kifaransa cha mabaharia. Mpaka leo msemaji wa Kifaransa wa Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, hufunga viatu vyake kwa neno amarrer, lilelile la kufunga chombo gatini. Sisi tusishangae: dereva wetu hushika usukani na kubeba abiria, na maneno yote mawili yametoka majini.

Louisiana walifikia baadhi ya Waakadia, walowezi wa Kifaransa wa pwani ya mashariki ya Kanada ya leo, waliofukuzwa huko na Waingereza kuanzia mwaka 1755. Walikilinda Kifaransa vizazi na vizazi. Kisha katiba ya jimbo ya mwaka 1921 ikaamuru shule zifundishe kwa Kiingereza tu. Mtoto aliyeteleza akasema Kifaransa aliadhibiwa. Wazee wamesimulia habari za watoto waliojikojolea darasani, kwa kuwa hawakujua kuomba ruhusa kwa Kiingereza.

Watoto hao walikua, wakaoa, wakaolewa. Wengi wakawasemesha wanao Kiingereza, na Kifaransa wakakiweka kwa mambo ambayo hawakutaka watoto wayaelewe.